Picha ya Mbele na Picha ya Kisha

Bapolisi walinifunga pingu wakati ningali najisifu.

"Angalia, papa," nilimwambia muteja mugeni, nikimuonyesha simu. "Picha ya kanape mbele ya kazi yangu, na ya kisha. Hata mwenyewe hawezi kuijua tena!"

"Mwenyewe njo miye," alijibu, akiita bapolisi waliongoja inje. "Hiyo kanape ya picha ya mbele ilibebwa ku saluni yangu, pale tunapokaaka na bageni."

Miye natengenezaka bakanape, vile viti virefu vya kukalia bageni, ku komini moja ya mji wetu, jina yake Kenya. Bantu walipopora mji, jirani wangu Ngoie, mukubwa wa chorale, kwaya ya kanisa, aliniletea moja: "Ndugu, badilisha kitambaa, yote." Miye, mwerevu, sikuuliza ilitoka wapi. Kazi ilitoka muzuri, nikaweka picha zote mbili ku site yangu ya internet, dunia nzima ione.

Nililala siku mbili ku kasho, chumba cha kufungia bantu ku polisi. Ngoie aliendelea kuimba misa. Padri, njo maana nimekuja kwako: umusimamishe mbele ya bakristo! Kanape haibebwe na muntu mumoja: aseme mwenzake wa kuiiba alikuwa nani.