Breki ya Mama Watoto

Baiskeli ya mzee muuza asali haikuwa na breki. Wakiteremka mlima wa volkano, mkewe aliyekaa kwenye keria ndiye aliyekandamiza tairi kwa kandambili.

Mzee alipomzika mkewe, dada wa marehemu alimwonya, "Shemeji, funga breki. Dada hayupo."

"Njia hii nimezeeka nayo."

"Haya, sikio la kufa!"

Alipoteremka tena, barabara ilikuwa tupu. Kona ya kwanza aliipita. Ya pili ikamjia mbio, na mbele yake bonde.

"Kanyaga, mama watoto!" akapiga kelele.

Tairi halikukamatwa. Akaielekeza baiskeli kwenye rundo la majivu ya mlima kando ya barabara, akaanguka nayo.

Aliikokota hadi kwa fundi.

"Nifungie breki," alisema. "Siku hizi nateremka peke yangu."