Wangapi Watangulie

Mgeni alifika akihema, begi begani, vumbi la safari halijatoka viatuni. Mwenyeji wake alikuwa ameshaanza kufundisha. Mgeni akajipenyeza safu ya nyuma ya ukumbi wa chuo, kando ya wanaume wawili wenye mashati mapya na mikono isiyo na kalamu wala daftari.

Ubaoni, mwenyeji huyo alikuwa anachora. Wanafunzi walimwita Mzee Mishale, maana uchumi wa siasa aliufundisha kwa mishale: kila mshale uamuzi, kila uamuzi na matokeo yake. Na kila mwaka alirudia mchezo uleule.

"Bei zimepanda, watu wamekasirika. Kila mtu ana namba yake moyoni: wangapi watangulie ndipo naye aingie barabarani. Binti, yako?"

"Kumi, Mwalimu."

"Mwoga mwenye akili. Na wewe bwana mkubwa wa dirishani?"

"Mmoja tu."

"Huyo mmoja akiwa mrembo!" mtu akadakia. Ukumbi ukaangua kicheko.

Siku zote mchezo ulikwama hapo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusema sifuri. Ndilo lilikuwa somo lenyewe: hasira ya wengi hulala kwa kukosa wa kwanza.

"Sifuri," akasema msichana wa safu ya mbele, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa.

Kicheko kikakatika. Mkono wa Mzee Mishale, kwa mazoea, ukaendelea: sifuri akamwinua wa mmoja, wakawainua wengine, mshale kwa mshale, mpaka darasa zima likawa limesimama ubaoni. Nyuma, simu ya mmoja wa wale wenye mashati mapya ikainuliwa. Ikaupiga picha ubao, kisha ikamgeukia msichana.

Mzee Mishale akaona. Akakohoa.

"Binti ametaja namba yangu," akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Nilimwomba aiseme, iwe mfano. Sifuri ni mimi."

Msichana akafungua mdomo. Mzee akamkata jicho, naye akaufunga.

Wale wawili wakateremka ngazi taratibu.

"Shikamoo, Mwalimu. Tuna maswali mawili matatu."

"Marahaba. Yatakuwa ya mtihani?"

"Ya nje ya mtaala."

Mzee akamwita mgeni mbele, akamtia chaki kiganjani. "Karibu sana, ndugu yangu. Samahani kwa mapokezi." Kisha kwa kunong'ona: "Wakalishe. Nakuomba, wakalishe."

Akatoka akiwa katikati ya wale wawili, koti likibaki kitini.

Mlango ulipofungwa, mgeni akageuka. Yule wa dirishani alikuwa ameshasimama.