Damu ya Choya

Choya, yale maua mekundu, ikichemka na sukari hutoa harufu ya uchachu inayopanda puani kabla ya utamu wake. Wengine wakiinusa huwaza kinywaji baridi cha kufuturia. Mimi huwaza mkono uliokatwa, na moyo wangu, pamoja na uzee huu, hunidunda kwa furaha.

Msinifikirie vibaya, nisikilizeni kwanza. Tulikuwa tukikaa Ngamiani, pale Tanga, pamoja na bibi mzaa baba na shangazi Mwanaidi, dada yake baba, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Miaka ile ya hamsini sinema ya mjini ilikuwa na onyesho la wanawake peke yao, alasiri. Siku hiyo mabuibui yalifukizwa udi, karanga zikakaangwa, na mama, mzito wa kutoka siku nyingine zote, alitembea mbio hadi viatu vikimvuka, mimi na shangazi tukimfuata.

Picha yenyewe ilikuwa ya daktari mwenye wazimu aliyemfunga mtu mezani ili amkate mkono. Sijui alikuwa akiutakia nini, maana maneno yalikuwa ya Kizungu na kila mwanamke alijitungia tafsiri yake. Kisu kiliponyanyuliwa, ukumbi mzima ulivuta buibui usoni, na kila mmoja akaacha upenyo wa jicho moja. Mimi sikuwa na buibui. Nilipiga yowe, nikapiga na jingine, na sikunyamaza mpaka mama aliponiburura nje, akaukosa mwisho wa picha.

Alininunia njia nzima. Nikirudia tena, akasema, mimi na sinema basi, nitabaki nyumbani nichambue mchele na bibi. Niwaambie kweli, nilikuwa nimeogopa sana, na papo hapo nilikuwa nataka kurudi. Adhabu ile ilinichoma kuliko bakora.

Jioni nilikuwa uani nikimsimulia bibi jinsi damu ilivyoruka, nyekundu, ikatapakaa kwenye shuka. Shangazi aliacha kukuna nazi.

“Nyekundu uliiona wapi, mwanangu?”

Nikamwambia pale pale, kwenye shuka.

“Picha ile ni nyeusi na nyeupe. Wekundu umeutia wewe.”

Nilijaribu kuikumbuka ile shuka, na ni kweli, haikuwa na rangi yoyote. Shangazi akaniambia kuna mtu mahali fulani alikaa akayawaza hayo yote, akajua kabisa kwamba rangi nitaitia mwenyewe. Ile ni kazi ya mikono, akasema, sawa na piko anayochorwa bibi harusi, na inataka kutazamwa hivyo. Na yule mtu wa mezani nisimlilie.

“Yule saa hizi yuko kwao, kanawa mikono yake yote miwili, anakula.”

Kisha akaenda kuniombea kwa mama. “Wifi, akiweza kuutengeneza mkono ule, ataweza kuutazama,” alimwambia. Mama akacheka, akakubali.

Basi tukaanza. Tulichemsha choya na sukari mpaka ikawa nzito, ikakaribia weusi. Tulikanda unga wa ngano, tukaubandika kwenye kifundo cha mkono wangu, tukaupasua kwa kijiti, tukatia choya iwe damu. Mara ya kwanza ulifanana na andazi lililomwagikiwa chai. Shangazi hakuwa na huruma, nikizidisha damu anafuta yote tuanze upya. Alisema niweke kidogo, nyingine ataitia mwenye kuona. Ulipokaa sawa, mimi mwenyewe nilisikia kichefuchefu, na sijawahi kufurahia kichefuchefu namna ile.

Nikapita mbele ya bibi nikiuning'iniza. Bibi hakupiga kelele. Alinikamata, akanikalisha, akanimwagia unga wa kahawa kidonda chote, maana ndiyo iliyokuwa dawa yake ya kuzuia damu, huku midomo ikimcheza kwa dua. Aliendelea hivyo mpaka sisimizi walipoanza kunipanda mkononi. Bibi akawatazama sana. Akachovya kidole, akaonja. Kisha akamwita shangazi kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Picha ile ilipendwa, ikarudishwa. Safari hii nilikaza macho. Na nikaona, jamani, nikaona kwamba kisu hakikuugusa mkono hata kidogo. Kilipanda juu, kikaja kivuli ukutani, ukaja uso wa daktari, halafu tone moja likadondoka kwenye shuka. Tone moja tu. Yaliyobaki tulikuwa tumeyatia sisi, ukumbi mzima, kila mtu na wekundu wake. Furaha ilinipanda kichwani. Nilisimama juu ya kiti nikapiga makofi peke yangu, na wanawake wakanifokea nikae.

Nilimgeukia shangazi tufurahi pamoja. Hakuwa amejifunika uso. Alikuwa akitazama huku akitabasamu, na machozi yanamtiririka. Nilidhani analia kwa kuwa nimefuzu.

Shangazi alikuwa ameshafariki, nami nina watoto wangu, mama aliponieleza. Mume wa shangazi alikuwa akilisha majani kwenye mashine ya mkonge, kwenye shamba moja upande wa Maramba. Siku moja mashine ilivuta majani, ikavuta na mkono. Shangazi ndiye aliyemshikilia mpaka akakata roho, na kanga aliyomfungia aliifua siku nyingi bila kutakata.

Bado natengeneza choya, na bado moyo hudunda. Ila sasa, ikishaanza kuwa nzito sufuriani, namwona shangazi katika giza la ukumbi, macho wazi, akimtazama mtu aliyekatwa mkono ambaye saa hizo yuko kwao, kanawa mikono yake yote miwili, anakula.