Mgonjwa wa Mvua ya Kwanza

Mvua ya kwanza ikinyesha Lubumbashi, mume wangu hushikwa na mafua, na mafua yake si kama ya watu wengine. Mwaka juzi yalimlaza majuma mawili. Shamba letu la Annexe, pembeni mwa mji, likapandwa kwa kuchelewa, Desemba, mahindi yakatoka madogo kama vidole, tukanunua unga sokoni kwa meka, kopo kwa kopo, mwaka mzima. Niliapa sitarudia.

Mwaka jana nililoweka mbegu Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi bwana akapiga chafya tatu, akavuta blanketi hadi kidevuni. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu aliniuliza kwa nini wake hauna sukari ya kutosha. Alimaliza bakuli, kisha akaninong'oneza kama mtu anayekata roho.

"Bandugu niliisha kubaita. Miye niko naenda."

Kabla ya saa tatu walikuwa wamefika: dada yake mkubwa, kitambaa kimefungwa kiunoni tayari kwa kilio, na wadogo zake wawili, mmoja amebeba kiti chake mwenyewe. Wakazunguka kitanda. Mume wangu akawausia watoto wetu wasome, na redio yake asiguse mtu. Mimi nilikuwa nawaza ndoo ya mbegu. Zikilala majini siku nyingine, zitaoza. Hasira ilinipanda, tena ndiyo iliyonipa akili.

Nikatoka uani, nikarudi na majembe manne.

"Mugonjwa atalala," nikasema. "Mbegu haiwezi kulala. Kila mutu ashike jembe yake."

Dada yake akamgusa mgonjwa paji la uso. Alipolikuta lina baridi kuliko lake, akainuka, akashika jembe, na wadogo wakamfuata. Mume wangu akauliza atabaki na nani. Nikamwambia uji umebaki sufuriani.

Saa sita mchana tulikuwa tumepanda nusu ya shamba pikipiki iliposimama barabarani. Akashuka mume wangu, blanketi mabegani. Kumbe kufa bila mtu wa kukutazama ni kazi ngumu. Hakutusalimia. Aliangalia mistari yetu, akasema imepinda, akamnyang'anya mdogo wake kamba ya kupimia. Jioni alikuwa anatoka jasho, pua imezibuka, anaimba. Nilimpenda sana saa ile, ila sikumwambia, asije akalala tena.

Mavuno yalipofika tulikula bukari, ugali wa mahindi ya shamba letu. Kila mgeni aliyenawa mikono mezani kwetu aliambiwa kwamba mahindi haya yalipandwa na mtu aliyekuwa mlangoni pa kifo. Nilimwachia hiyo sifa. Unga ulikuwa umejaa gunia, na hicho ndicho nilichotaka mimi.

Juzi mvua ya kwanza ya mwaka huu ilinyesha. Akapiga chafya moja, nami nikaiwahi simu kabla yake. Nikampigia dada yake, nikamweleza kwamba mdogo wake ameanza. Hakuuliza hali ya mgonjwa.

"Tulete majembe ngapi?"