Pua ya Wendell

Katika kiwanda kidogo cha bia kule Vermont, Marekani, pipa halikufunguliwa mpaka Wendell Thibault anuse. Asubuhi ile aliinua glasi dirishani. Bia ilikuwa nzito ya ukungu, hata kidole chake hakikuonekana nyuma ya glasi, kama inavyotakiwa kwa bia ya aina hiyo. Akanusa. Hakusikia harufu yoyote. Tangu mafua ya majira ya baridi pua ilikuwa imekufa, naye hakumwambia mtu.

“Enhe, mzee wa pua, unasemaje?” akauliza Colleen, mtengeneza bia.

“Embe,” akajibu kwa mazoea. “Na ganda la chungwa. Safi kabisa.”

Colleen akaitazama glasi. “Wendell, hii inanuka kama boksi la karatasi lililolowa. Nilikuletea tukubaliane tu kuimwaga.”

Wendell akarudisha glasi puani, akavuta pumzi kwa nguvu zote, akavuta tena.