Memori Niliyoinunua Kabla ya Kompyuta

Siku ile ardhi ingepasuka, ningeingia mwenyewe.

Soko huria lilipoingia, nilikuwa napiga chapa kwa taipureta hapa Somanda, Bariadi, roho yote ikiwa kwenye kompyuta. Kila aliyetoka Mwanza alisema memori, kile kijibao kinachoipa kompyuta kasi, imepanda bei tena. Nikajiona mjanja: mahindi hununuliwa kabla ya njaa. Nikauza mtamba wetu wa ng'ombe, ambaye mke wangu Minza alimlea kwa mkono, nikanunua memori kwanza.

Mwaka mzima niliitunza sandukuni. Kila nikiifunua niliiona ofisi yangu.

Hatimaye nikapata kompyuta kuukuu, nikaita fundi aifunge memori na majirani washuhudie. Fundi akaijaribu memori huku, akaigeuza kule.

“Mzee, hii haiingii. Uliipimia mashine gani?”

“Sikuwa na mashine.”

“Kanunua kengele, ng'ombe hana!” jirani akapayuka. Wakacheka hadi machozi.

Minza hakucheka. Alikiweka kile kijibao kiganjani, akakitazama sana.

“Baba Nkwimba,” akasema taratibu, “mtamba wangu saa hizi si angekuwa ameshazaa?”