Kidole cha Jacinter na Maboga ya Bi Maimuna

Jacinter haoni kitu akakinyamazia. Mpe chai, atauliza tangawizi imetoka shamba gani. Mpe kiti, atauliza ni mti gani uliochongwa. Alitoka Busia kuja kupika katika hoteli moja ya Diani, akapanga chumba Ukunda kwa Bi Maimuna, mjane asiyependa maneno mengi. Sote mtaani tulimpa mwezi mmoja tu kabla ya kufukuzwa. Hakufukuzwa.

Kilichowaunganisha ni bustani ya uani. Hotelini Jacinter alishinda akikaanga viazi, na jioni akala ugali na sukuma wiki, mwaka nenda mwaka rudi. Kwa Bi Maimuna chakula kilifuata majira. Kiangazi kilipokaza walikula kisamvu, maana muhogo haubabaishwi na jua, na mchunga, ile mboga chungu ya kujiotea, uliopikwa kwa tui zito. Jacinter alikunja uso siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa akikomba sufuria. Hata kiungulia chake cha kila jioni kilimwacha, na akataka kujua kimekwenda wapi.

"Masika yakiingia utaona kunde zinavyochipua," Bi Maimuna alimwambia. "Na tuta lile la mwisho nitakupa wewe, upande utakacho."

Jacinter hakuwa ametia jembe katika ardhi ya kuiita yake tangu aondoke kwao. Alifurahi mno, akasahau hata kuuliza swali.

Wakati huo lililokuwa likistawi ni boga, lililotambaa hadi kisimani kwa kunyweshwa maji ya kuoshea mchele. Bi Maimuna alimruhusu achume majani apendavyo, kwa sharti moja.

"Boga changa usilioneshe kidole. Ukitaka kulionesha, kikunje."

"Kwa nini?"

"Litaoza."

"Kwani boga linajuaje?"

"Jacinter!"

Akarudi kuchuma majani, lakini ulimi ulimwasha. Na siku moja, kwa furaha tu, akaliona boga dogo mno chini ya jani, akanyoosha kidole: "Si hili hapa lingine!" Bi Maimuna akafumba macho. Wiki hiyo boga lile likageuka njano, likaoza. Likafuata la pili, na la tatu. Bi Maimuna hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema tu, "Bustanini usiingie tena, mwanangu. Na lile tuta tuliache." Jacinter aliingia chumbani akalia kwa uchungu, kwa sababu alionewa, na kwa sababu hakuwa na hakika kama ameonewa.

Baada ya hapo maboga yakaacha kuoza. Moja likashika, likafikia ukubwa wa ngumi, Bi Maimuna akalitandikia nyasi kavu chini. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Kwa Jacinter ndiyo kwanza ilianza. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, alisimama nje ya ua wa makuti, akapenyeza mkono, akalinyooshea boga kidole. Siku ya pili akanyoosha vidole vyote kumi. Boga likanenepa tu, bila habari naye.

Basi kama si kidole, ni nini? Akajiuliza ni kitu gani kingine alichoacha kukifanya tangu afukuzwe bustanini. Asubuhi iliyofuata alichungulia kwa muda mrefu zaidi. Maua yalikuwa wazi. Mengine yalibeba kiboga kidogo nyuma yake. Mengine yalisimama juu ya vikonyo virefu, hayana kitu. Nyuki akazama katika ua tupu, akatoka amejaa vumbi la njano, akaenda moja kwa moja kwenye ua lenye kiboga. Kumbe vumbi lile ndilo linaloshikisha boga. Kwao Busia maua hupikwa pamoja na majani, na yeye, kwa adabu zake zote, alikuwa akichuma yale matupu, yasiyo na faida, ili asiharibu maboga ya watu.

Angeweza kunyamaza. Lakini huyo asingekuwa Jacinter.

"Shikamoo, Bi Maimuna. Maboga niliyaua mimi."

"Marahaba. Nalijua hilo."

"Si kwa kidole. Kwa kuchuma maua." Akamweleza yote, hata habari ya vidole vya alfajiri.

Bi Maimuna aliinama, akaligeuza boga huku na huku akitafuta doa. "Hili umelionesha?"

"Kila siku. Vidole kumi."

Jacinter alingoja kufukuzwa hata chumbani. Bi Maimuna akaketi kwenye kinu, akauliza polepole: "Na nyuki, mvua ikinyesha kila asubuhi, hutoka?"

"Sidhani. Vipi, Bi Maimuna?"

"Mwaka mmoja wa masika makali, wifi yangu Esha alikuja kunitembelea hapa. Aliyaonesha maboga kidole akiyasifu. Yakaoza yote. Nilimwambia ana kijicho, mbele za watu." Akapukuta udongo vidoleni. "Mvua ile ilikuwa ya alfajiri. Tangu siku hiyo, tukikutana arusini, mimi hupita mlango mwingine. Alikuwa akinipenda, Jacinter. Aliyasifu tu."

Jacinter akaketi chini kando yake.

"Hili likikomaa nitampelekea," Bi Maimuna alisema, akalitazama boga. Kisha akainuka. "La. Kukomaa ni mbali."

Akaingia ndani, akatoka na buibui begani. Akamwambia Jacinter jembe liko nyuma ya mlango, tuta lake linaanzia pale penye mpapai, alilime kabla mvua haijaanguka. Akatoka kwenda Munje kwa Esha, hata mikono hakunawa.